Mark X au Legacy GT, mfuko ukiwa mwembamba

Mteja anayetaka gari la kukimbia kwa pesa za kawaida hapa Nairobi huniletea majina mawili: Toyota Mark X ile ya kwanza, iliyotoka mwaka 2004, au Subaru Legacy GT ya 2003 hadi 2009. Yote yameshavuka miaka minane inayoruhusiwa kuingizwa nchini, kwa hiyo lile unaloonyeshwa limekwisha endeshwa na wenzako hapa hapa, pengine watatu au wanne. Anza hesabu hapo.

Kwa mbio hakuna ubishi. Mark X ya lita 2.5 ina silinda sita na nguvu za farasi 215, na nyingi husukumwa na magurudumu ya nyuma. Legacy GT ni lita mbili tu, ila ina turbo, feni inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini: farasi 260 kwa otomatiki, 280 kwa manyuo, magurudumu yote manne yakivuta. Ukipanda Limuru mvua ikinyesha, utajua tofauti.

Shida ya Subaru ni kwamba haisamehi mwenye uvivu. Taimingi yake, yaani kinachofanya valvu na pistoni ziende kwa zamu, ni mkanda wa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu na pistoni hugongana na injini huharibika. Silinda zimelala ubavu, hivyo hata kubadilisha plagi ni kazi ya kujikunja, na gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloku ya injini na kichwa chake, kwa kawaida hutaka injini ishushwe. Kubwa zaidi ni oili. Turbo hunywa oili ileile ya injini kupitia bomba jembamba lenye kichujio kidogo cha waya. Oili ikizeeka ikawa tope, kichujio huziba, turbo hukauka na kusagika, vipande vya chuma vinaingia kwenye injini na baringi za kranki, ekseli kuu ya injini, zinafuata. Muuzaji wa Legacy GT asiye na risiti za oili mimi humuaga palepale, hata rangi ing'ae vipi.

Mark X ina cheni, si mkanda. Maradhi yake ni ya polepole: petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo valvu za hewa hazioshwi kamwe na masizi hujijenga juu yake. Tena iliundiwa petroli ya premium, ambayo Japani huanzia oktani 96 (kipimo cha petroli kustahimili bila kulipuka mapema). Ukiijaza ya chini, kompyuta huchelewesha cheche ili injini isinoki, yaani isigonge kwa petroli kulipuka ovyo, na zile 215 unazisoma kwenye karatasi tu.

Mwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika, kisha gusa boneti uhakikishe ni baridi, ndipo liwashwe. Legacy ikigonga ndani, na mlio ukapanda pamoja na mwendo wa injini, ondoka. Mark X iache ingurume dakika kumi ndipo ukanyage. Moshi wa buluu maana yake inakula oili. Chungulia pia pampu ya maji kama ina ukoko wa waridi.

Kama pesa zako zote zinaishia kwenye bei ya gari, nunua Mark X. Legacy GT ni ya mtu atakayebaki na angalau robo ya bei kando, na aitumie mwezi wa kwanza: mkanda, pampu ya maji, oili, kichujio cha turbo.

Ukiweza kuongeza kidogo, tafuta Mark X iliyofuata, ya kuanzia 2009. Ile ya lita 2.5 ilishushwa hadi 203 ili itumie petroli ya kawaida, na hizo 12 zilizopungua mimi sizililii.