Mmechemsha, sawa. Mnayachota na nini?

Kila masika yakianza kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya mtaa: chemsheni maji ya kunywa, kipindupindu hakitawagusa. Mwaka huu nimetumiwa tena, safari hii na mzee ninayemheshimu. Akaongeza kwamba sisi watu wa afya tunawachosha wananchi kwa maelekezo mengi wakati dawa ni moja tu, nayo ni moto. Nilimwamkia, nikamjibu kwa kifupi. Jibu refu ni hili.

Mimi ni afisa afya wa mazingira hapa Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuchukua sampuli za maji majumbani. Nikibisha hodi na kueleza kilichonileta, jibu la kwanza karibu kila nyumba ni lilelile: "Mwanangu, sisi hapa tunachemsha." Linasemwa kwa kujiamini, kana kwamba mazungumzo yameishia hapo. Mimi kwangu ndipo yanapoanzia.

Moto siupingi hata kidogo. Maji yakishachemka na kububujika sufuria nzima, bakteria, virusi na vimelea vingine vya kuharisha vimekufa. Huhitaji kuyaacha dakika ishirini huku mkaa unateketea, maana vingi hufa hata kabla maji hayajafikia nyuzi 100. Yakibubujika, epua. Hata Mbeya au Njombe, ambako maji huchemka kwenye nyuzi pungufu kwa sababu ya mwinuko, bado joto linatosha. Tena moto unaishinda klorini mahali pamoja: Cryptosporidium, kimelea kinachoharisha sana watoto wadogo, hakishtuliwi na klorini ya kawaida, lakini kwenye maji yanayobubujika hakifui dafu.

Tatizo ni saa zinazofuata. Maji yaliyochemshwa hayana ulinzi wowote ndani yake. Moto umeua kilichokuwemo, hauzuii kitakachoingia. Sasa angalia jikoni. Sufuria imepoa, maji yamemiminwa kwenye ndoo ya plastiki ya lita 20. Mfuniko upo, na juu ya mfuniko kuna jagi au kikombe kimelazwa kifudifudi. Mtoto anatoka kucheza uani, anainua mfuniko, anazamisha kikombe na vidole vinne ndani ya maji, anakunywa, kinachobaki anakirudisha ndoo hiyohiyo. Baada yake anakuja mama aliyetoka kumbadilisha mtoto mchanga nepi. Kufika jioni mikono ya nyumba nzima imeshapita humo.

Nikifika nachukua sampuli mbili: moja kutoka kwenye sufuria kama bado ina maji, nyingine kutoka kwenye ndoo. Tunachuja mililita 100 kwenye kichujio chembamba, tunakiweka kwenye kisahani chenye chakula cha bakteria, kinalala kwenye joto la nyuzi 44 usiku kucha. Bakteria wa kinyesi wakiwemo, asubuhi unaona madoa ya njano. Shirika la Afya Duniani linataka E. coli, bakteria wa kinyesi tunaowatafuta, isionekane kabisa kwenye mililita hizo 100. Kisahani cha sufuria huwa kitupu. Cha ndoo, mara nyingi, kina madoa. Ni maji yaleyale, ya moto uleule.

Si maneno yangu peke yangu. Mwaka 2010 Amy Pickering na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha utafiti uliofanyika hapahapa Dar, wakipima uchafu wa kinyesi kwenye mikono na kwenye maji yaliyohifadhiwa ndani. Viwili hivyo vilikwenda pamoja: mikono ikiwa michafu zaidi, na maji ya ndani yanakuwa machafu zaidi. Kabla ya hapo, miaka ya 1980, watafiti huko Kolkata, India, walizipa familia zenye mgonjwa wa kipindupindu mitungi ya udongo yenye shingo nyembamba, ambayo mkono hauingii. Hakuna dawa iliyotiwa. Maambukizi ndani ya familia hizo yalipungua mno ukilinganisha na zile zilizobaki na vyombo vyao vya kawaida. Mtungi tu, wenye mdomo mwembamba.

Ndiyo maana nachoka na neno "tunachemsha". Linamfanya mtu atumie fedha nyingi kwenye mkaa au gesi, halafu aiharibu kazi yake kwa kikombe.

Klorini inafanya kitu ambacho moto hauwezi: inabaki. Kidonge kimoja cha WaterGuard kwenye ndoo ya lita 20 ya maji maangavu, unasubiri nusu saa, na baada ya hapo bado kuna kiasi ndani ya maji kinachosubiri kikombe kichafu. Sisi tunatia kidonge cha kupimia kwenye kichupa, maji yakigeuka pinki tunajua ulinzi upo. Tunataka angalau miligramu 0.2 kwa lita mahali mtu anapochota. Harufu ile mnayoilalamikia, "maji yana dawa", ndiyo ulinzi wenyewe. Naelewa kwamba inakera, hasa kwenye chai, na najua wengi wanayaacha maji wazi usiku kucha ili harufu iishe. Harufu ikiisha na ulinzi umekwisha. Kidonge nacho kina mipaka yake: ndani ya saa 24 nguvu inapungua, na kwenye maji yenye tope kinaliwa na tope kabla hakijafika kwa vimelea. Yaache yatuame, uyachuje kwa kitambaa safi, ndipo utie dawa.

Choo nitakipitia haraka, si kwa sababu ni kidogo. Wakati wa mvua kuna watu wanatapisha vyoo, wanafungulia shimo maji taka yaondoke na mafuriko. Yanaingia uani kwa jirani, visima vifupi, nyayo za watoto, na kutoka kwenye nyayo hadi kwenye mikono ni mwendo mfupi. Agosti 2015 kipindupindu kilianzia hapa Dar na kikasambaa mikoa mingi. Ua wa nyumba huwezi kuuchemsha.

Mikono, basi. Kibuyu chirizi cha kunawia ni dumu la lita tano, kamba na kijiti cha kukanyaga kwa mguu. Kinafanya kazi, lakini kikiwa pale mlangoni mwa choo. Kikiwekwa mbele ya nyumba ili mgeni akione, ni pambo. Sabuni ya kipande ukiiacha nje, kunguru wa Dar anaruka nayo, na kina mama wameniambia hivyo mara nyingi wakieleza kwa nini haipo. Chukua chupa ya maji, toboa kizibo, tia sabuni kidogo ya unga na maji, funga kwa kamba. Inaosha mikono vizuri na haina bei.

Sasa niseme jambo ambalo kwenye semina huwa halisemwi. Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya majaribio makubwa vijijini magharibi mwa Kenya, ambako kaya zilipewa klorini, vyoo bora na vifaa vya kunawia. Kuharisha kwa watoto hakukupungua. Zimbabwe nako hakukupungua. Bangladesh kulipungua. Nimeyasoma mara nyingi. Kenya wengi waliacha kutumia klorini kadiri muda ulivyokwenda, hilo linaeleza sehemu. Sehemu nyingine, nadhani, ni kwamba mtoto anayetambaa kwenye udongo wenye kinyesi cha kuku na mbuzi anakula vimelea kwa njia ambazo ndoo haizigusi. Kuna wakati natoka kwenye nyumba iliyofanya kila nilichosema, na bado mtoto anaharisha, na jibu sina. Hata madoa ya njano nayasoma kwa tahadhari, kwa sababu kwenye nchi za joto kama yetu E. coli wanaweza kuishi udongoni bila kinyesi kipya. Siachi kushauri kwa sababu hiyo. Ila sitamwambia mtu kwamba kitu kimoja peke yake kitamkinga, kiwe moto, kidonge au sabuni.

Na takwimu zisiwadanganye. Kaya ikihesabiwa kuwa na "huduma ya msingi" ya maji, maana yake ni chanzo kilichoboreshwa na kwenda kuchota, kupanga foleni na kurudi kusikokuzidi dakika 30. Kwenye kipimo hicho hakuna aliyefunua ndoo.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Mwenye uwezo anunue ndoo yenye koki, au ampe fundi bomba ndoo aliyonayo atoboe na kufunga koki juu kidogo ya kitako. Asiye na uwezo ahifadhi maji ya kunywa kwenye dumu lenye mdomo mdogo, amimine, asichote. Dumu lioshwe ndani kila wiki: tia maji ya sabuni na kokoto chache safi, tikisa mpaka ule utelezi wa ukutani utoke, suuza. Ukilazimika kuchota, weka kata moja yenye mpini mrefu, itundikwe, isilazwe juu ya mfuniko, na mtoto achotewe na mkubwa.

Wanaoniuliza kuhusu chupa za maji kwenye friji: baridi haiui vimelea, inavipunguzia kasi tu. Chupa ambayo watu watano wanainywea mdomoni ioshwe kwa sabuni kila inapojazwa, na kila mtu awe na kikombe chake.