Maungio pengo: njia ya ndani kati ya seli na jirani yake

Soko la Wakulima hapa Nairobi, lile tunaloliita Marikiti, jua likishakolea, ndizi zilizoiva kupita kiasi huzingirwa na vijinzi vya urefu wa milimita 3 hivi. Muuzaji huvifukuza kwa kipande cha katoni, navyo hurudi. Mabuu ya vijinzi vya jamii hiyo ndiyo yaliyosaidia kufichua jambo ninalolipenda kuliko mengi katika bayolojia: seli mbili jirani zinaweza kuwa na njia ya ndani kwa ndani.

Mwaka 1964, Werner Loewenstein na Yoshinobu Kanno wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walitumia tezi za mate za mabuu hayo kwa kuwa seli zake ni kubwa. Kwa bomba la kioo lenye ncha nyembamba mno, walitia ndani ya seli moja rangi inayong'aa iitwayo fluoresini. Rangi haikumwagika nje. Iliingia seli ya pili, ikaendelea hadi ya tatu. Umeme nao ulipita hivyo hivyo. Kabla yao, mwaka 1959, Furshpan na Potter walikuwa wameonyesha umeme ukipita moja kwa moja kati ya seli za neva za kamba wa maji baridi, jamaa za wale wanaovuliwa Ziwa Naivasha. Lakini neva ni kazi yake kupeleka habari. Tezi ya mate nayo ina habari gani ya kupashana? Swali hilo ndilo lililompa Loewenstein kazi ya miaka mingi.

Njia zenyewe ndizo maungio pengo. Jina lina kasoro kidogo, maana kwetu pengo ni mahali palipokosa kitu, kama jino lililong'oka, na hapa penye pengo ndipo palipoungana. Lilitokana na picha za hadubini ya elektroni za mwaka 1967, za moyo na ini la panya, ambamo Revel na Karnovsky waliona tando za seli mbili zikikaribiana sana bila kugusana. Nafasi iliyobaki ni nanomita 2 hadi 4 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Kwa kawaida seli jirani huachana kwa nanomita 20 hivi.

Fikiria vyumba viwili vya mabati, kila kimoja na ukuta wake, katikati kichochoro kisichopitisha hata mkono. Huyu anatoboa ukuta wake na kutokeza nusu ya bomba, yule vilevile, na nusu hizo zinakutana sawasawa. Sasa chumvi inapita bila mtu kutoka nje. Katika seli, kila nusu ya bomba imejengwa kwa protini sita ziitwazo konekisini, zilizopangwa duara. Homoni, ishara za kemikali zinazosafirishwa na damu, ni mzigo unaopelekwa kwa bodaboda hadi mtaa wa mbali. Hii ni chumvi ya jirani.

Si kila kitu kinachopita. Kipimo ni takriban dalton 1,000 (dalton ni kipimo cha uzito wa molekuli): ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, sukari ya glukosi na molekuli ndogo za ishara hupenya, ila protini na DNA hubaki kwao. Kwa njia hii misuli ya moyo hupiga kwa pamoja, kila seli ikimwamsha jirani yake kwa umeme.

Kinachonishangaza zaidi ni kufungwa kwa maungio haya. Seli ikijeruhiwa, kalisi humiminika ndani, na kalisi ikizidi maungio hufunga. Jirani huokoka. Bila hivyo, jeraha la seli moja lingezifuja zote zilizoungana nayo.

Binadamu ana jeni 21 za konekisini. Hitilafu katika ile ya konekisini 26, iliyotambuliwa mwaka 1997, ni mojawapo ya sababu kuu duniani za watoto kuzaliwa viziwi kwa kurithi, na ndiyo iliyokutwa katika kijiji cha Adamorobe, Ghana, chenye viziwi wengi tangu zamani. Sikio la ndani huhitaji maungio hayo ili kupitishiana potasiamu. Nalitaja hili kwa makusudi, maana bado nasikia mama wa mtoto kiziwi akiulizwa alimkosea nani. Mara nyingi mtoto wa aina hii amepokea nakala mbovu moja kwa baba na moja kwa mama, na wazazi wote wawili wanasikia vizuri.

Konekisini haidumu, baada ya saa chache huvunjwa na nyingine kutengenezwa, kwa hiyo mwili unaweza kuongeza au kupunguza njia hizi upesi. Muda mwingi wa ujauzito misuli ya mji wa mimba huwa na maungio machache, kila seli ikijikaza kivyake. Siku za kujifungua zikikaribia huongezeka sana, na uchungu unapoanza mkazo husafiri kama wimbi, misuli yote ikisukuma kwa pamoja. Mtoto akishatoka, maungio hayo hupungua tena.