Je, wajua ni kwa nini picha ya fotokopi huhamia kwenye lebo ya karatasi, na ya printa ya wino hukataa?

Mjini Bukavu, vifaa vya kupambia lebo za zawadi havihitaji safari ndefu: farde ya ofisi (jalada la karatasi ngumu) ya kukata vipande, muhuri wa mpira, wino, uzi, na duka la fotokopi. Kinachosumbua ni picha. Watu wawili hufuata hatua zilezile, kwa gundi ileile. Mmoja anapata picha safi, mwingine anabaki na uji wa rangi. Lawama huangukia gundi, au wino kwa kuwa ulikuwa wa bei ya chini.

Zote mbili hazina kosa. Wino ghali nao utakataa, na gundi mbovu kidogo bado hufanya kazi. Tunachokosea ni kudhani kwamba kila kilichochapishwa kimechapishwa kwa wino. Fotokopi haina hata tone moja la wino. Ndani ya mashine kuna unga mkavu uitwao tona, ambao sehemu yake kubwa ni plastiki iliyosagwa na kutiwa rangi. Umeme tuli huushikiza unga huo kwenye silinda, kisha huuvutia karatasini, na joto la karibu nyuzi 200 huuyeyusha ukagandia juu. Printa za leza hufanya vivyo hivyo. Printa ya wino hurusha matone ya majimaji, nayo karatasi huyanywa.

Fikiria kitenge kilichomwagikiwa chai upande mmoja, na nta ya mshumaa upande wa pili. Chai imeingia ndani ya nyuzi. Huwezi kuibandua bila kitambaa chenyewe. Nta imekaa juu kama ngozi. Tona ni ile nta: ukipaka gundi juu yake na kuiacha ikauke, itashikwa pande mbili, na karatasi ikiondolewa itabaki kwenye gundi. Hata fotokopi ya kwanza kabisa, aliyoifanya Chester Carlson huko Astoria, New York, tarehe 22 Oktoba 1938, ilikuwa unga uliohamishwa kutoka kwenye bamba hadi karatasi yenye nta. Anayepamba lebo anaihamisha picha kwa mara ya pili.

Ukiwa na shaka, sugua ukingo wa picha kwa kidole chenye maji. Ikichafuka, ni wino. Isipochafuka, huenda ni tona, lakini zipo wino za printa zisizoogopa maji, kwa hiyo jaribu kipande kidogo kwanza.

Kata lebo ya sentimita 6 kwa 12. Omba fotokopi iliyogeuzwa kama kwenye kioo, la sivyo maandishi yatasomeka kinyume. Paka gundi ya akriliki, tabaka jembamba, mahali pa picha tu. Laza picha kifudifudi, kandamiza kwa ukingo wa kadi ngumu kutoka katikati kwenda nje. Povu la hewa likibaki, pale patakuwa tundu. Acha ikauke usiku mzima. Msimu wa mvua, ipe saa 24. Gundi nyeupe ya shule nayo hushika, ila hulainika tena ikipata maji, na maji ndiyo hatua inayofuata.

Lowesha mgongo wa karatasi ya fotokopi kwa sponji, subiri dakika 2 au 3, kisha sugua kwa ncha ya kidole kwa mizunguko midogo. Ni kama ukoko wa bugali: ukilowekwa unaachia, sufuria inabaki. Maji hulegeza nyuzi za karatasi, lakini hayaigusi plastiki. Ukisugua kwa haraka utaing'oa na picha.

Ikikauka, ukungu mweupe hurudi, na wengi huona wameharibu. Ni nyuzi chache zilizobaki. Hewa iliyo katikati yake hutawanya mwanga. Sugua mara ya pili, kisha paka gundi nyembamba juu. Ukungu hutoweka kama karatasi ya mandazi inavyokuwa angavu ikinywa mafuta.

Njia ya haraka ni asetoni, ambayo huilainisha plastiki ya tona. Chupa ya kuondolea rangi ya kucha iliyoandikwa «sans acétone» (bila asetoni) huenda isisaidie. Laza picha kifudifudi kwenye lebo isiyopakwa gundi, lowanisha pamba kwa asetoni, gusa mgongo wa picha sehemu ndogo ndogo, kandamiza kwa mgongo wa kijiko, inua mara moja. Fungua dirisha na ukae mbali na mbabula, kwani mvuke wake hushika moto.

Muhuri upige mwishoni, pembeni pasipo na gundi. Wino wa muhuri wa ofisi hukauka kwa kunywewa na karatasi. Juu ya akriliki hubaki mbichi na kuchafua vidole, na ukipigwa mapema, maji ya kusugulia huutawanya. Toboa tundu la uzi lebo ikiwa kavu kabisa, na usizipange uso kwa uso, kwa sababu akriliki hunatana hata baada ya siku kadhaa.