"Monita Imekufa": Dhana Potofu Kuhusu Kompyuta Isiyoonyesha Picha

Mama mmoja mwenye steshenari kule Makorora alishuka kwenye bajaji mbele ya banda langu hapa Ngamiani, monita ameipakata, kaifunga kanga kama mtoto mwenye homa. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu. Fundi kaniambia hii imekufa. Nitafutie nyingine ya bei nafuu, shule zinafungua Jumatatu."

Nikaichomeka kwenye mashine yangu. Ikawaka, picha safi kabisa. Mama akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa mbona kwangu iliandika 'No Signal'?"

Swali hilo nalisikia karibu kila wiki hapa Tanga, na linaniuma, kwa sababu watu wanatoa fedha za kununua kitu walichonacho tayari.

Dhana: Ikiandika "No Signal", monita imekufa

Monita iliyokufa haiandiki kitu. Ikiweza kuonyesha maneno hayo ina umeme, kioo chake kinafanya kazi na taa zake za ndani zinawaka. Inachokueleza ni kwamba hakuna picha inayoingia kupitia tundu inalolisikiliza. Bonyeza vitufe vya monita yenyewe. Menyu yake ikitokea, sogeza lawama kwenye waya au kwenye boksi. (Hilo boksi wengi tunaliita CPU, ingawa CPU yenyewe ni kipande kidogo kilichofichwa chini ya feni ndani yake.)

Angalia pia monita imechagua tundu gani. Nyingi zina zaidi ya moja, na inawezekana wewe umechomeka HDMI (tundu la kisasa, dogo na bapa) huku yenyewe imewekwa isikilize VGA (lile la zamani lenye pini nyingi). Kitufe cha kubadilisha huwa kiko chini ya ukingo au nyuma.

Kwa yule mama kosa lilikuwa kwenye boksi, na si la ufundi hata kidogo. Alihamisha meza baada ya mvua kuvujia pale dukani, akachomoa nyaya zote, kisha akazirudisha kwa kukisia. Mashine yake ina kadi ya picha, ile inayokaa chini kwa kulala, yenye matundu yake. Waya aliuchomeka juu, kwenye tundu la madabodi, ile bodi kuu inayobeba vipande vyote. Mashine nyingi zikishaona kadi ya picha hulizima tundu la juu. Zipo pia prosesa (ndiyo hiyo CPU yenyewe) zisizo na uwezo wa kutoa picha kabisa, mfano zile za Intel ambazo namba yake inaishia na herufi F. Hapo tundu la madabodi ni pambo tu, hata likiwa jipya.

Dhana: Feni zinazunguka, kwa hiyo boksi ni zima

Hii ndiyo inayopoteza watu wengi, mafundi wakiwemo. Feni inahitaji umeme tu. Kabla picha haijatoka, mashine hujikagua: prosesa, RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine), kadi ya picha. Ukaguzi ukikwama hapo, feni zitazunguka mpaka kesho na monita haitapata kitu.

Kipo kipimo kisicho na gharama. Washa mashine, subiri dakika moja au mbili, kisha bonyeza Caps Lock kwenye kibodi yenye taa. Taa ikiwaka na kuzima kila ukibonyeza, mashine iko hai na inakusikia. Tatizo lipo kwenye njia ya picha. Taa isipobadilika, yaelekea imekwama kwenye ukaguzi. Mashine yenye spika ndogo ndani inaweza pia kulia pii-pii. Hesabu milio hiyo na urefu wake, kwa maana kila mtengenezaji ana maana zake, na fundi mzuri atakuuliza.

Mshukiwa wangu wa kwanza hapo huwa ni RAM. Zima, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 hivi ili umeme uliobaki ndani uishe. Fungua boksi, gusa bati lake kwanza ili umeme wa mwilini mwako usiende kwenye vipande. Chomoa RAM, futa meno yake ya dhahabu kwa kitambaa safi chenye spiriti kidogo, iache ikauke, irudishe mpaka usikie vishikizo vinabana. Zikiwa mbili, jaribu moja moja. Mashine ngapi zimeletwa hapa zikiitwa maiti, zikaondoka zimepona kwa kazi hiyo tu!

Dhana: Piga Window upya, itarudi

Tafadhali, usikubali. Ile nembo ya mtengenezaji inayotokea mwanzoni hutoka kabla Windows, mfumo unaoendesha kompyuta, haijaamka. Nembo isipoonekana kabisa, Windows haijahusika bado, na kuipiga upya hakutakuponya; kunaweza kukupotezea barua za wateja, hesabu za duka na picha za harusi za watu. Nimeona mtu akilia kwa jambo hilo.

Hali ni nyingine kama nembo inatokea, kisha giza linaingia Windows inapoanza. Hapo programu inaweza kuwa na makosa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, maana huenda imeambiwa itoe picha kwenye skrini ya pili isiyokuwepo. Bonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja: hiyo huianzisha upya draiva ya picha, yaani programu inayoongoza kadi ya picha, bila kugusa kazi zako. Na monita ikisema ishara imezidi kiwango chake, mashine imewekewa ukubwa wa picha au kasi ambayo monita haiwezi. Iwashe mashine kwa hali salama (Safe Mode), upunguze.

Dhana: Waya ni waya, ukiingia umekubali

Kuna mazungumzo ndani ya waya huo ambayo hatuyaoni. Monita haikai tu kusubiri picha. Ikiunganishwa hupiga hodi na kujitambulisha: mimi natengenezwa na fulani, ukubwa wangu huu, picha ninazoweza ni hizi. Utambulisho huo unaitwa EDID, na umbo lake la msingi ni baiti 128 tu. Kwenye VGA, tundu lililoletwa na IBM mwaka 1987, unapita kwenye pini ya 12 na ya 15. Ndiyo maana waya wenye pini iliyopinda unaweza kuleta picha, lakini iliyovutika au yenye ukungu, na kompyuta ikadai haiijui monita. Kwenye HDMI, pini ya 19 ndiyo inayoipa mashine habari kwamba kuna mgeni mlangoni. Isipogusa vizuri, mashine haijui kama kuna mtu.

Ukikuta waya wa VGA una nafasi tupu kwenye pini ya 9, usimgombeze muuzaji. Nyaya nyingi zimetengenezwa hivyo.

Tena, ule waya mwembamba wenye HDMI upande mmoja na VGA upande wa pili, usio na kiboksi chochote cha kugeuza, hauwezi kutoa picha kutoka HDMI kwenda monita ya VGA. Ishara hizo mbili ni za aina tofauti, lazima pawe na kigeuzi chenye saketi. Nyaya nyingi za kutoka DisplayPort (tundu jingine la picha) kwenda HDMI nazo hufanya kazi upande mmoja tu; ukizigeuza, kimya.

Dhana: Umeme ulikatika, kwa hivyo kimeungua

Wakati mwingine ni kweli. Lakini kwanza chomoa vyote viwili, monita na boksi, ngoja dakika tano, urudishe. Monita hukwama kama simu inavyokwama. Na nyuma ya boksi la zamani ukiona swichi nyekundu yenye 115 na 230, iache kwenye 230. Umeme wetu ni wa volti 230. Ukiihamishia kwenye 115 ukawasha, utasikia mlipuko.

Dhana: Kompyuta iliyo ndani ya nyumba haipati kutu

Hapa pwani inapata. Upepo wa bahari unabeba chumvi na unyevu hadi ndani, hasa nyumba za kule Raskazone na Chumbageni zinazofungua madirisha kuelekea majini. Tazama pini za waya uliokaa miaka bila kuguswa: utaona rangi ya kijani au weusi. Mara nyingi kuchomoa na kurudisha mara tatu, mashine ikiwa imezimwa, kunatosha kukwangua utando huo. Ukiwa mwingi, tumia spiriti na mswaki laini. Funika kompyuta inapolala, lakini ifunue kabla ya kuiwasha, maana joto lazima litoke.

Na kama mwishowe monita imekufa kweli, ukienda kununua iliyotumika nenda na waya wako mwenyewe na uombe iunganishwe mbele yako. Yule mama aliirudisha yake kwenye bajaji jioni ile ile. Nilimwelekeza kwa simu: chini, mama, siyo juu. Nikasikia, "Ee, imekuja!"