Namba ya SUV Imepanda? Uliza Kwanza Habari za Mashine

Wagonjwa wa Lubumbashi wanaorudi na picha za PET (zinazoonyesha mahali glukosi yenye mionzi inapokusanyika mwilini) kutoka Johannesburg, Nairobi au Uhindi wanazidi kutuuliza jambo moja: karatasi ya majibu inasema mashine inatumia akili bandia, je, kompyuta ndiyo iliyosoma ugonjwa? Hapana. Tunaomba zile sauti za WhatsApp zinazodai kwamba mashine "inajua kansa yenyewe" ziishie hapo zilipofika.

Mgonjwa hudungwa glukosi iliyobeba fluorini-18, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila dakika 110. Fluorini hiyo hutoa chembe iitwayo positroni; ikikutana na elektroni, fotoni mbili (chembe za mionzi) zenye nishati ya keV 511 kila moja huruka pande mbili zinazopingana. Vigunduzi vya PET havitoi mionzi, vinaisubiri. Inayotoa eksirei ni CT, mashine ya picha za eksirei iliyounganishwa nayo. Tofauti ya muda kati ya fotoni hizo mbili kufika ndiyo inayosaidia kujua zilikotokea.

Kazi ngumu ya kupima muda huo iko kwenye fuwele za vigunduzi, ziitwazo LYSO, zenye urefu wa milimita 20 hivi na upana wa milimita 3 au 4. Fotoni ikigonga, fuwele humeta, na kipokezi cha silikoni kilicho nyuma yake hugeuza mmeto huo kuwa wimbi la umeme. Kwa njia ya zamani, muda unachukuliwa pale wimbi linapovuka kiwango kimoja tu. Habari nyingine zote zilizomo ndani yake zinapotea. Mtandao wa neva bandia, yaani akili bandia inayotajwa kwenye karatasi, husoma umbo la mwinuko wote. Mwaka 2018, Berg na Cherry wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwa vigunduzi viwili vya majaribio kwamba mtawanyiko wa muda unaweza kushuka kutoka pikosekunde 231 hadi 185 (pikosekunde ni sehemu moja ya trilioni ya sekunde). Kwa umbali, ni kutoka sentimita 3.5 hivi hadi 2.8 kwenye mstari unaounganisha vigunduzi hivyo.

Mtandao hufundishwa kwa chanzo kidogo cha mionzi cha sodiamu-22 kinachosogezwa kati ya vigunduzi. Kila kikisogea milimita 15, tofauti ya muda hubadilika kwa pikosekunde 100, kwa hiyo jibu sahihi linajulikana bila kubahatisha.

Matatizo huanzia kwenye joto. Chumba kikipanda kutoka nyuzi 20 hadi 26, jambo rahisi hapa mwezi wa kumi umeme ukikatika na kiyoyozi kikizimika, wimbi la kipokezi hupungua na kilele cha keV 511 kwenye grafu ya nishati huhama. Mtandao uliofundishwa kwenye ubaridi hauchoki kujibu. Unajibu vibaya bila kuwasha taa yoyote. Ndiyo maana kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, silinda ya germani-68, chanzo cha mionzi cha kupimia mashine, hupimwa, kilele hukaguliwa, na kigunduzi kilichoteleza hurekebishwa. Akili bandia haifuti kazi hiyo. Anayewauzia mashine kwa kusema inaifuta, mwombeni aandike na kutia sahihi.

Sasa SUV, namba inayoonyesha uvimbe umevuta glukosi kiasi gani, ambako watu wengi hulia bure. Uvimbe mdogo ukipimwa kwa mashine inayopima muda kwa usahihi zaidi, au kwa programu nyingine ya kujenga picha, namba inaweza kupanda ilhali ugonjwa haujasogea. Kipimo cha pili kifanyike kwenye mashine ileile, kwa programu ileile, na mgonjwa apumzike muda uleule baada ya sindano, kwa kawaida dakika 60. Pia tofautisheni akili bandia ya kigunduzi na ile inayosafisha picha iliyokwisha kujengwa. Hii ya pili inaweza kufifisha doa dogo. Kwa hiyo CD iwe na picha zisizosafishwa pia, pamoja na uzito, kiasi cha dawa, saa ya sindano na sukari ya damu. Picha ya simu iliyopigwa kwenye skrini hatuisomi.

Kliniki zinazotaka kuagiza mashine zikumbuke kwamba vyanzo vya kupimia ni vitu vyenye mionzi, na sheria ya Kongo namba 017/2002 ya kinga dhidi ya mionzi inavihusu hata kama vinatoshea kiganjani. Ombeni kibali kwa CNPRI, kamati ya taifa ya kinga dhidi ya mionzi, kabla ya kulipa, si baada ya kifurushi kufika mpakani. Tajeni aina ya chanzo, nguvu yake, tarehe iliyopimwa, chumba kitakamokaa na mtu mwenye dhamana. Nguvu ya germani-68 hupungua nusu kwa siku 271: chanzo kikilala mpakani Kasumbalesa miezi mitatu kikingoja karatasi, kimepoteza karibu sehemu moja ya tano, na hesabu zote za kila asubuhi zitaanzia kwenye tarehe ya cheti, si siku mliyokifungua.