Umeme wa kuchangia: maana yake, na uniti zinakoishia

Umeme wa kuchangia ni umeme wa nyumba yenye mita moja na watumiaji wengi. LUKU, yaani mita ya kulipia kabla, ni moja, vyumba vinane au kumi vina wapangaji tofauti, na uniti zikiisha saa tatu usiku giza linawakuta wote. Hapo ndipo mtu anapita mlango kwa mlango: "Jamani, mchango wa umeme."

Kila nyumba ina utaratibu wake. Kuna wanaotoa sawa kwa kila chumba, kuna wanaonunua kwa zamu, na kuna wanaohesabu vifaa: mwenye taa na chaja ya simu anatoa kidogo, mwenye friji anaongezewa. Zote zina kasoro moja, kwamba hakuna anayejua ametumia kiasi gani. Mkiwa vyumba kumi na mnachangia sawa, ukijibana ukaokoa uniti kumi, faida yako ni uniti moja. Tisa zimewaendea wenzako. Kwa hiyo sikubaliani na wenye nyumba wanaosema wapangaji hawana ustaarabu. Mtu huacha kujibana pale anapoona kujibana hakumsaidii.

Halafu kuna suala la bei, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Katika bei za TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, zilizoanza Aprili 2016, mtumiaji mdogo wa daraja la D1, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, alipangiwa shilingi 100 kwa uniti, na mtumiaji wa kawaida wa T1 shilingi 292, kabla ya kodi na tozo. Nyumba ya vyumba kumi chini ya mita moja ni rahisi kupita 75, hata kama kila mpangaji peke yake hafikishi 15. Mita inawaona kama mtu mmoja mkubwa, na mwenye taa moja anauziwa umeme kwa bei ya mwenye vitu vingi.

Ugomvi wa mchango mara nyingi huanzia kwenye taa. "Nani kaacha taa ya korido?" Taa ina mchango wake, sikatai. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka kwa muda wa saa 12 kila usiku inakula kama uniti 22 kwa mwezi. Ya LED ya wati 9 inakula 3 na kidogo. Badilisheni balbu, kisha taa ya korido muiache iwake, maana watoto na wazee wanapita hapo kwenda chooni. Kwenye ngazi fundi anaweza kufunga swichi mbili, ukawasha ukiwa chini na kuzima ukifika juu.

Mlaji mkubwa ni joto. Chochote kinachopasha hunywa umeme kuliko kinachoangaza: pasi, birika, jiko la plati mbili, na zaidi ya vyote hita ya kuchovya kwenye ndoo. Mbeya, Njombe au Arusha, mwezi wa Juni, huwezi kumwambia mtu aoge maji ya baridi alfajiri. Lakini pigeni hesabu. Kutoa maji lita 20 kwenye nyuzi 20 hadi 45, joto la kuoga, kunahitaji karibu uniti 0.6. Ndoo tano kwa siku ni karibu uniti 90 kwa mwezi. Zile 75 zimeshapitwa hata kabla friji ya mtu haijahesabiwa. Na anayechemsha ndoo nzima hadi itokote, kisha anaiacha ipoe ndipo aoge, ametumia mara tatu ya kilichohitajika. Pasha hadi vuguvugu tu, nusu ndoo ikitosha iwe nusu. Na tafadhali, zima ukutani kabla hujatia mkono kwenye maji.

Dawa ya kweli ni mita ndogo kwa kila chumba, zinazofungwa na fundi baada ya LUKU. Haziwarudishi kwenye bei ya mtumiaji mdogo, kwa sababu mita ya TANESCO imebaki moja, lakini kila mtu anaona namba yake. Mwisho wa mwezi zinasomwa mbele ya watu na kuandikwa kwenye daftari, na aliyepasha ndoo tano analipia ndoo tano.

Jumlisheni namba za vyumba vyote, mtoe kwenye uniti zilizotumika LUKU. Kinachobaki ni korido, choo, bafu na pampu ya maji, na hicho ndicho cha kuchangia sawasawa. Kikipanda ghafla mwezi mmoja wakati taa ni zilezile, msianze kushukiana: iteni fundi akague pampu na nyaya, huenda pampu haizimi tangi likijaa, au umeme unavuja ukutani.