Mpingo haupakwi kwa ndoo

Mjomba wangu anachonga vinyago Mikindani. Mwaka jana nilimpelekea mchoro wa kinyago chake kimoja cha ujamaa, cha watu waliopandana mabegani tangu kitako cha gogo hadi kileleni, nimeuchapisha kwenye karatasi ya A4. Akausogeza mbali na macho, akaurudisha karibu. "Mpwa, huu si mpingo," akasema. "Huu ni mkaa."

Alisema kweli, na kosa lilianzia kwenye ndoo. Mimi huchora usiku, baada ya kazi, kwa kutumia Krita, programu ya bure ambayo jina lake ni neno la Kiswidi lenye maana ya chaki. Kama programu nyingi za kuchorea, ina alama ya ndoo: unachagua rangi, unabofya, eneo lote linajaa. Nilichagua nyeusi tupu nikamwaga. Kwenye skrini, rangi hutokana na mianga mitatu, nyekundu, kijani na bluu, kila mmoja ukipimwa kuanzia 0 hadi 255. Nyeusi tupu ni 0, 0, 0. Ukishafika hapo, kivuli utakiweka wapi? Ndiyo maana wale watu wote walishikamana wakawa donge.

Hebu utazame mpingo wenyewe uliokatwa karibuni. Kiini chake ni kahawia iliyokolea hadi ikaukaribia weusi, na ndani yake mna uzambarau. Sehemu ya nje ya gogo ina rangi ya njano iliyopauka, na wapo wachongaji wanaoiacha makusudi. (Ukiuziwa kinyago cheusi kotekote kama kiatu cha askari, kikwangue kidogo chini ya kitako. Huenda ukakuta mti mweupe na kiwi.)

Siku hizi naanza na nyekundu 52, kijani 36, bluu 40. Kinachofuata ni kung'aa, na hapa wengi huharibu kwa kuweka nyeupe, kinyago kikaonekana cha plastiki. Kitu kilichopigwa msasa hadi kikateleza hubeba rangi ya kile kinachokielekea. Kikiwa barazani mchana, mabega yake yana ubluu wa anga, na upande wa chini una wekundu hafifu unaorudi kutoka kwenye udongo. Nilikiweka kinyago mbele yangu saa nzima kabla sijaliamini hilo.

Sasa leya, ambazo kwangu ndizo sababu hasa ya kuchorea kwenye kompyuta. Photoshop ilitoka mwaka 1990 bila leya. Zilikuja na toleo la 3, mwaka 1994. Ni kama karatasi za kioo zilizopangwa moja juu ya nyingine: ukikosea kwenye moja, nyingine haziguswi. Mimi huchora kwanza kwa penseli kwenye daftari, naskani, kisha leya hiyo ya penseli naiweka juu ya rangi na kuchagua mchanganyiko wa kuzidisha. Programu inachukua namba ya juu, inaizidisha na ya chini, kisha inagawanya kwa 255. Weupe wa daftari ni 255, kwa hiyo 255 mara 52, gawanya kwa 255, unabaki na 52 ileile: karatasi imetoweka! Mstari wa penseli wenye 60 unakupa 12, mfereji wa patasi uliozama vizuri. Vivuli vyangu vyote hupita njia hiyohiyo, kila kimoja na leya yake.

Usizijaze ovyo lakini. A4 kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 2480 kwa 3508, na leya moja iliyojaa hula karibu megabaiti 35 za kumbukumbu. Laptopu yangu ya gigabaiti 4 huanza kuhema kwenye leya ya thelathini. Nimeiagiza ihifadhi faili kila dakika 5. Umeme wetu mnaujua.

Uchapishaji una ugomvi wake. Skrini hutoa mwanga, karatasi hunywa wino, na wino husambaa kidogo. Tofauti ya 12 na 25 unayoiona vizuri usiku gizani, kwenye karatasi haipo. Kwa hiyo kabla ya kuchapa naikunjua sehemu ya giza, yaani naipandishia namba ing'ae kidogo, nabakiza mifereji tu chini ya 25, na nakata kipande cha upana wa vidole viwili kutoka mahali peusi zaidi, kichapwe hicho kwanza. Na kijana wa steshenari akikuambia "nitumie WhatsApp", itume kama hati. Ukiituma kama picha itabanwa, na mikwaruzo yote ya patasi itageuka matope.

Mchoro wa tatu nilimpelekea mjomba mwezi uliopita. Akaupitisha kidole kwenye ule ukingo wa njano, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaigeuza karatasi, akakuta weupe mtupu.

"Na mgongoni kwake?"

Mgongoni sikuwa nimekitazama.